Leo nilikwenda kuaga darasani, nikaishia ubaoni

Mwanangu Rahma katoka kula chaki sasa hivi, mdomo mweupe pee! Kaiokota darasani kwangu.

Si mnajua narudia hesabu za kidato cha nne? Leo nilikwenda kuaga, niache masomo. Nimechoka, jamani.

Mwalimu akaniita ubaoni, mtoto mgongoni. Nikakosea. Wakacheka. Nikashika kifutio nifute yote.

"Usifute, mama Rahma. Ukikosea kusuka ukili wa mkeka, unaufumua wote?"

"Hapana, mwalimu. Narudi pale nilipokosea."

"Haya, rudi."

Nikarudi, nikapata! Kumbe na wale wachekaji, madaftarini mwao, walikosea palepale 😂

Kuaga nikasahau. Kesho naenda tena, inshallah.

Nani mwingine hesabu zilimshinda? Njoo tukae dawati moja, maana peke yangu... Abee, mama! Mama mkwe ananiita, ngoja nikamsikilize!