Birika Lenye Mikono

Juzi gulioni Mkuyuni niliona chupa ya chai imevalishwa kifuniko cha kufuma, nikacheka peke yangu mpaka muuza ndizi akaniuliza kulikoni.

Nilipokuwa mdogo, kwetu Kinole mama alifumia jikoni, mlango umerudishiwa, uzi wa sufu ukinuka moshi na sindano zikigongana. Nilipomuuliza anafuma nini, alisema, "Kifuniko cha birika. Usimwambie bibi yako." Nikajua ni zawadi ya bibi. Sikujua kwamba bibi, mama yake baba, alikataza kabisa mtoto kutengenezewa nguo kabla hajazaliwa. Aliona ni kujitafutia balaa. Kwamba kifuniko kilikuwa na mikono miwili, hilo halikunisumbua: mmoja wa mdomo wa birika, wa pili wa mshikio.

Alasiri mama alipofunga fundo la mwisho, bibi akabisha hodi. Mama akatoka kumpokea mzigo. Mimi nikalivalisha birika la chai, nikafunga vifungo vyote, nikalipeleka barazani.

"Shikamoo, bibi. Karibu chai."

"Marahaba," alisema bibi. Alilitazama birika, akamtazama mama, ambaye ghafla alikuwa amejikinga tumbo kwa ungo. Harufu ya mchaichai ilipanda kutoka shingoni mwa kile kisweta. Nilingoja kusifiwa.

"Mimina taratibu," hatimaye bibi alimwambia mama, "usije ukamuunguza mjukuu wangu."

Mjukuu? Nikafunua birika upesi, nikachungulia. Mlikuwa na chai tu.