Wachomaji Saba, Uso Mmoja

Phelista hakuwahi kungoja chai ipoe. Alichoma ulimi, akanywa. Kazi pia aliifanya hivyo, na Jotham akakaribia kufa.

Mwaka 2008, kwenye saiba moja ya Kitale, duka la intaneti, alishughulikia tovuti ya kamati ya waliofukuzwa makwao Cheptais. Picha ya 1 mpaka ya 9 zilikuwa za waliopotea. Ya 10 mpaka ya 16, wanaotafutwa kwa kuchoma nyumba. Picha ya 1 ilikuwa ya Jotham, fundi cherehani. Kila Ijumaa mkewe, Emmy, alikuja kumtazama kwenye kioo cha kompyuta.

Kamati ikataka picha ziitwe kwa majina. Phelista akaandika kanuni ya kubadilisha viungo vyote kwa mpigo: ukiona picha1 na chochote kinachofuata, weka jotham. "Chochote" kiliwekwa ili kushika picha1ndogo, nakala ndogo ya picha hiyo hiyo. Kanuni haina macho bana. Iliona 1 ndani ya 10, ndani ya 11, mpaka 16, ikazimeza zote: majina saba ya wachomaji yakabaki, kila moja na uso wa Jotham. Phelista alifungua ya kwanza tu, ikakubali, akaenda nyumbani.

Kijijini Myanga, intaneti husomwa mlangoni pa kinu. Wabwile, mwenye mashine ya kusaga, huchapisha kurasa Bungoma na kuzibandika pale; wiki hiyo alibandika ule wa wanaotafutwa. Alhamisi Jotham akatokea sokoni, hai, akimuulizia Emmy.

"Ati ana majina saba," mmoja akasema. "Mwizi wa kawaida ana mawili."

Walianza na mawe. Halafu mpini wa jembe, kwenye vidole, jina moja kidole kimoja.

Wabwile akapiga simu Kitale, namba iliyokuwa chini ya ukurasa. "Dada, huyu si ni yule amepotea?"

Phelista akafungua ukurasa, akaona. Akaongeza alama chache: baada ya 1 kusiwe na tarakimu. Dakika nne, nyuso zikarudi kwa wenyewe.

"Nimerekebisha. Waambie waangalie."

"Waangalie wapi? Karatasi iko mlangoni, na hawa wako na mafuta ya taa."

"Si uing'oe."

Wabwile aliing'oa. Akasimama juu ya Jotham, akapigwa panga begani, hakutoka mpaka polisi wakafyatua risasi hewani.

Wodini Bungoma, Emmy alipita kitanda cha Jotham mara mbili, uso ulivyovimba. Alimjua kwa sauti.

"Toa picha zote," Jotham akamwambia Phelista, aliyekuja kumwona. "Yangu kwanza."

Alizitoa kwa mkono, moja moja, akifungua kila moja kabla ya kuifuta.