Uchaguzi wa Mapema, Merrylands

Chama cha Ujirani cha Merrylands, kitongoji cha Sydney, Australia, kilikuwa na desturi ambayo mgeni akiiona mara ya kwanza hujiuliza kama ameingia mkutanoni au matangani. Kabla ya ajenda yoyote, majina ya wanachama wote yalisomwa kwa sauti, na kila mmoja akaitika, "Nipo." Aliyehamia Perth aliitikiwa na rafiki yake. Aliyerudi Kenya au Kongo aliitikiwa na yeyote aliyekuwa na habari zake. Aliyefariki aliitikiwa na watu wake: "Yupo nasi." Tangu chama kianzishwe hakuna jina lililowahi kufutwa. Kumfuta mtu kulionekana ni kama kumzika mara ya pili, na hakuna mwenyekiti aliyetaka kuonekana ameshika sepetu.

Gakii aliitikia mara mbili kila mkutano. Kwanza kwa ajili yake mwenyewe, kisha, jina la Njenga lilipofika, kwa ajili ya mumewe. Njenga alianguka kazini kwenye ghala moja kule Ingleburn na hakuamka. Chama ndicho kilichohangaika kumrudisha kwao Gatundu, Kenya, akazikwe, na hilo Gakii hakulisahau. Lakini maana yake ni kwamba Sydney nzima hapakuwa na kaburi la kwenda kuweka maua. Mahali pekee katika mji huu ambapo jina la mumewe lilitamkwa na watu wengine palikuwa pale ukumbini, kati ya Njeri na Omollo.

Huyu Gakii alikuwa muuguzi katika wodi ya wazee, mwanamke wa Nkubu, mfupi, mwenye mwendo wa haraka na subira ndefu. Hiyo subira ndiyo iliyomponza. Yeye Mmeru na mumewe Mkikuyu, kila mmoja alidai lugha ya mwenzake ni ya kwake iliyoharibika, kwa hiyo nyumbani wakazungumza Kiswahili ili amani ipatikane. Binti yao Nyokabi alikulia humo. Baba alipozikwa, mtoto akafunga mlango. Aliambiwa kwa Kiswahili, akaelewa kila neno, akajibu kwa Kiingereza. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Kisha Katembo, Mkongo wa Butembo aliyekuwa akipanga mizigo usiku na kulala asubuhi, akaacha kulala Jumamosi ili afundishe watoto Kiswahili katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa parokia. Hakuwa na kitabu. Aliwaambia watoto wasimulie nyumbani wanakula nini na nani anakoroma. Jumamosi moja mwezi wa Agosti, Gakii akiwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa, alimsikia Nyokabi akisema, "Baba yangu alikuwa anakoroma kama trekta." Watoto wakacheka. Mtoto wake naye akacheka. Gakii alikwenda kukaa ndani ya gari akalia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Kwa hiyo chumba kile kilikuwa kila kitu kwake. Na chumba kile kilikuwa cha kuombwa upya kila mwaka. Katibu wa parokia, mama mmoja mpole asiyependa mizunguko, alitaka kitu kimoja tu: barua ya kamati ya chama, iletwe kabla Novemba haijaisha. Wasipoileta, kundi la taekwondo lilikuwa limeshajipanga nyuma yao.

Barua moja. Ungedhani ni jambo dogo.

Tatizo ni kwamba kamati ilikuwa imekufa ikiwa imesimama. Mwenyekiti, Ephraim, mhasibu aliyesoma Coventry na asiyeruhusu mtu kusahau kwamba alisoma Coventry, alitaka chama kijitoe kwenye Shirikisho la jumuiya za Waafrika wa Sydney, iwe kwa maelewano au bila maelewano. Mpinzani wake, Wainaina, dalali wa nyumba kutoka Penrith, alitaka wabaki. Wajumbe watatu wakamhama Ephraim na kukaa upande wa Wainaina. Tangu siku hiyo mwenyekiti hakuweza kupitisha hata hoja ya kununua sukari.

Mwaka huo, elfu mbili na kumi na tisa, Uingereza nako kulikuwa kumevurugika kwa kujitoa kwao Umoja wa Ulaya. Gakii alikuwa akiwaona asubuhi kwenye televisheni ya chumba cha chai kazini, wabunge wakipiga kelele kama watoto waliokosa mwalimu. Waziri mkuu wao alikuwa amepoteza wingi bungeni, akaomba uchaguzi wa mapema. Sheria ilimtaka apate theluthi mbili ya viti vyote. Wapinzani, ambao kwa miaka miwili walikuwa wakiudai uchaguzi usiku na mchana, sasa wakakunja mikono: kwanza tuhakikishiwe hatutatoka bila mkataba, ndipo tuzungumze. Akaomba tena. Wakakunja tena.

Mtu mwingine angetazama vile vituko na kuona aibu kwa niaba yao. Ephraim aliona mwongozo.

Katiba ya chama alikuwa ameiandika yeye, akiichota kutoka sheria hiyo hiyo ya Waingereza, kwa sababu alikuwa akiipenda. Uchaguzi wa mapema ungefanyika tu kwa theluthi mbili ya wanachama wote. Si waliohudhuria. Wote. Septemba akaitisha kura akiwa na uhakika, maana Wainaina kwa miaka miwili alikuwa akipaza sauti kila mahali, "Ephraim atoke, twende kwa kura!" Siku ya kura Wainaina na watu wake walikaa wakala mandazi, hakuna aliyeinua mkono. Na hata wangeinua, theluthi mbili isingepatikana, kwa sababu wote ni pamoja na wa Perth, wa Kisumu, wa Goma, na wa mbinguni. Marehemu wakahesabiwa kuwa hawakuunga mkono hoja.

"Basi wapige kura wajane kwa niaba yao," alisema Ephraim, bila hata kupepesa macho. "Kama tunaitikia yupo, basi yupo."

Wainaina akampata Gakii kwenye maegesho siku hiyo hiyo. "Mama Nyokabi, usikubali kutumiwa. Njenga alikuwa rafiki yangu. Angekuwa upande wetu."

"Njenga angekuwa amelala," Gakii alimjibu. "Alikuwa akilala kwenye mikutano yote. Mimi nataka barua ya chumba. Mna kura za kuipitisha, mbona hampitishi?"

"Si kwamba tunapinga watoto, please. Lakini tukipitisha hoja moja ya Ephraim, ataonekana bado anaongoza. Ni mambo ya procedure. Ngoja kwanza uchaguzi."

"Uchaguzi huo si ndio umeukataa saa hii?"

"Tunautaka," alisema Wainaina. "Lakini si wakati anaoutaka yeye."

Gakii akamfuata Ephraim. Ephraim akamsikiliza vizuri sana, kichwa kimeinama upande, halafu akasema, "Sister, nipatie theluthi mbili, nikupatie chumba." Gakii alirudi nyumbani akasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Alikuwa amekasirika, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba wote wawili walikuwa wamezungumza naye kwa upole.

Mwisho wa Oktoba Waingereza wakapata njia ya mkato. Waziri mkuu wao aliposhindwa mara ya tatu, kesho yake akaleta sheria fupi ya kuizunguka ile ya theluthi mbili, iliyohitaji wingi wa kawaida tu, na wapinzani wakubwa wakaacha kukunja mikono. Uchaguzi ukawekwa Desemba. Ephraim hakulala. Ndani ya wiki moja alikuwa na hoja yake ya kupeleka kwa wanachama wote, si kwenye kamati: kwa wingi wa kawaida, wafutwe kwenye orodha wote waliokufa na waliohama, ndipo theluthi mbili ihesabiwe kwa waliobaki. Wainaina akaona hawezi kuizuia, akaibandika sharti: jina lisifutwe mpaka mtu wake aseme mwenyewe, mbele ya mkutano, kwamba hayupo.

Alidhani hakuna atakayethubutu. Ephraim akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Kwa Gakii alikuja na keki. "Mkutano ni wiki ya pili ya Novemba. Tukipata hesabu, tunapiga kura Jumamosi inayofuata. Kamati mpya inaandika barua siku hiyo hiyo. Chumba ni chako."

"Jumamosi inayofuata?"

"Nakuahidi."

Gakii alimpigia Katembo simu amuulize. Katembo alikohoa. "Mama Nyokabi, mimi siwezi kukuambia ile kitu. Ni bwana yako. Lakini chumba ikifungwa, batoto tutabaweka wapi? Kwangu tuko watu saba, na mimi nalala mchana."

Nyokabi, Gakii hakumwambia kitu. Alijiambia ni mambo ya watu wazima. Kweli ni kwamba hakupata maneno, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza.

Siku ya mkutano alimwacha mtoto kwa jirani. Majina yalisomwa. Waliofika kwenye jina la mtu wao walisimama mmoja mmoja, wengine wakisema haraka kana kwamba neno linaunguza ulimi. Mzee mmoja Mkongo alipofika kwa mke wake alitikisa kichwa akatoka nje, na jina likabaki. Kisha likaitwa, "Njenga."

Gakii alisimama. Aliifikiria trekta. Akasema, "Hayupo," sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, akaketi. Kalamu ya Ephraim ikapita.

Orodha ilipopunguzwa, kura ya uchaguzi wa mapema ikapigwa, na theluthi mbili ikatimia kwa kura chache. Watu wakapiga makofi, hata upande wa Wainaina, na Gakii akashangaa furaha ya hao inatoka wapi. Hakungoja muda mrefu kujua. Wakati wa chai wakubwa wawili walikuwa jikoni mlango umefungwa, na walipotoka walikuwa wameshikana mabega. Ili Wainaina asipinge, Ephraim alikuwa amekubali muda wa kampeni, na ili wote wawili wajisikie wabunge, wakachagua Jumamosi ya baada ya uchaguzi wa Uingereza. Katikati ya Desemba.

Gakii alinyoosha mkono. Hakuitwa, akasema hivyo hivyo. "Barua inatakiwa Novemba. Kamati iandike leo."

Ephraim alionekana ana huruma ya kweli. "Mama Nyokabi, uchaguzi ukishaitishwa, kamati inavunjika. Ni katiba. Kwa sasa hakuna kamati."

"Basi andika wewe."

"Mimi nani sasa? Mimi ni mgombea."

"Uliniahidi Jumamosi ijayo. Ulikula keki yako mwenyewe kwenye meza yangu ukiniahidi!"

Watu wakatazama vikombe vyao. Wainaina alisema kwa sauti ya kutuliza kwamba ni jambo la kusikitisha, na kwamba limeandikwa kwenye kumbukumbu. Gakii alitamani kumwaga chai yote ile sakafuni. Aliosha vikombe badala yake, maana ilikuwa zamu yake, na hilo nalo likamuudhi.

Alikwenda parokia na barua aliyoiandika mwenyewe. Yule mama mpole aliisoma, akauliza kamati iko wapi, akasikitika. Jumamosi ya kwanza ya Desemba Katembo alikusanya chaki zake kwenye kopo la maziwa ya unga. Watoto wakaagana kwa Kiingereza.

Siku ya uchaguzi Gakii hakuwa na wa kumwachia Nyokabi, jirani alikuwa kazini, akaenda naye. Alikaa nyuma. Hakukuwa na uchaguzi wowote wa kuzungumzia: usiku uliotangulia Ephraim na Wainaina walikuwa wameelewana, mmoja mwenyekiti, mwingine makamu, suala la Shirikisho liundiwe tume. Hakuna aliyepingwa. Miezi minne ya kelele, na kiti kikabaki na makalio yale yale.

Kilichobaki ni kuita majina, kwa desturi. Orodha sasa ilikuwa fupi na ilikwenda mbio. Gakii aliitika kwake. Njeri akaitika. Omollo akaitika.

Nyokabi aliinua kichwa kutoka kwenye simu ya mama yake. "Mum, they skipped Dad."

"Shh."

"Mum. Tell them."

Gakii alisimama. Hakujua kama angesimama mpaka alipojikuta wima. "Mwenyekiti, umeruka jina."

Ephraim alipitisha kidole kwenye karatasi, ingawa alijua. "Lakini Mama Nyokabi, ni wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema. Chumba kiko wapi?"

Ephraim alimwangalia Wainaina, naye Wainaina akavuta kipaza sauti karibu, akasema hoja ya dada yetu ni nzito na ya msingi, na kamati mpya itaipokea katika kikao chake cha kwanza, mwezi wa Februari. Ephraim akaendelea na jina la Rufus.

Gakii alichukua mkoba wake na mkono wa mtoto, wakatoka. Nje jua la Desemba lilikuwa kali na lami ya maegesho ilikuwa laini chini ya viatu. Alifungua mlango wa gari, joto likawapiga usoni. Nyokabi hakuingia.

"Who took him off?"

Gakii alikuwa na majina mawili tayari mdomoni, na yote mawili yalistahili. Kupitia dirisha la ukumbi alisikia makofi yakianza upya. Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa amefanana na Njenga kwa namna ya kukunja paji la uso akisubiri jibu.

"Ni mimi," alisema. "Nilimtoa mimi."

Nyokabi aliuachia mkono wake, akaingia nyuma ya gari, akafunga mkanda. Mpaka wanafika nyumbani hakusema neno kwa lugha yoyote.