Vitambaa Vyeupe Vilivyofika Sakafuni

Mama Magamba alizuiwa kuingia katika jengo aliloanza kufanya kazi ndani yake akiwa bado bibi harusi. Mlinzi aliyevaa shati jipya lenye nembo ya Kamati ya Urithi alilitazama beseni la kamba wabichi lililokuwa kichwani mwake, kisha akamwelekeza apite nyuma, kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa wa wageni wenye tiketi.

"Mlango huu nilikuwa nikiufungua mimi kila asubuhi, wewe hujaota hata meno," mama akamwambia.

"Mimi nimeambiwa tu, mama."

"Na huyo aliyekuambia, yeye ameambiwa na nani?"

Mlinzi akanyoosha tena kidole kuelekea nyuma. Mama akazunguka nyuma, kwenye mapipa ya taka, akaingia kwa kuinama. Naandika habari zake kwa sababu sisi tulioingia kwa mlango wa mbele tuliamini kwamba tumekwenda kutenda jambo jema.

Jengo lenyewe ni lile la zamani la mnada wa samaki. Ndani yake zimo meza za mawe zilizoungana, zikifuata mteremko wa sakafu kutoka mlangoni hadi ukuta wa upande wa bahari. Katikati ya meza hizo umechongwa mfereji mmoja mwembamba unaoishia kwenye tundu chini ya ukuta. Hapo ndipo wanawake walipopaa samaki magamba na kutoa matumbo, kila mmoja kwenye meza yake aliyoachiwa na mama au mama mkwe. Meza ya juu kabisa ilikuwa ya mama mkwe wa Mama Magamba. Kisu cha bibi yule kilikuwa kimelila jiwe hata likafanya shimo dogo, na Mama Magamba alipokabidhiwa meza alikabidhiwa na lile shimo. Kiganja chake kilitua humo bila kutafuta.

Mwenye meza ya juu alikuwa na wajibu mmoja. Kila asubuhi alimwaga ndoo ya maji kwenye mfereji, na hakuna aliyegusa samaki mpaka maji yapite meza zote na mwanamke wa meza ya chini kabisa, waliyemwita Bi Mwisho, apaze sauti: "Yamefika!" Kama hakusema, maana yake mfereji umeziba, na kazi haianzi.

Mwaka uliopita Kamati ilifunga jengo kwa ajili ya ukarabati. Wanawake wakatolewa nje, wakapewa mbao zilizowekwa juu ya matofali kando ya ghala la barafu, juani. Waliambiwa ni kwa muda mfupi. Muda mfupi ukazaa muda mwingine. Hatimaye likaja tangazo la karamu ya samaki, kaa na ngisi, ambayo mapato yake yangekamilisha ukarabati, na wapaa samaki wakaombwa kuandaa chakula kwa moyo wa kujitolea. Wenzake walinung'unika. Mama Magamba alikubali haraka, na mumewe akashangaa.

"Wewe tena? Wewe usiyemwamini hata daktari akikuambia umepona?"

"Nataka kuingia mle ndani nione kwa macho yangu. Kama njia ni kumenya kamba, nitamenya."

Alipoingia, jambo la kwanza alilolitilia shaka ni harufu. Jengo lilinukia rangi mpya. La pili ni picha kubwa ya mama mkwe wake akipaa samaki, iliyotundikwa kwenye ukuta wa upande wa bahari. Picha ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa chini mno, karibu iguse sakafu.

"Nani hutundika picha magotini?" aliuliza. Waliokuwa wakipanga sahani wakacheka, wakasema labda ni mtindo wa kisasa.

La tatu ni vitambaa. Meza zote zilifunikwa kwa vitambaa vyeupe vilivyoshuka hadi sakafuni, na aliyevishona alikuwa wifi yake mwenyewe, dada wa mumewe, mshonaji na mjumbe wa Kamati. Alimkuta akivinyoosha, pini zimejaa mdomoni.

"Wifi, mbona virefu hivi? Unayavisha mawe magauni?"

"Vipendeze, wifi. Wageni hawaji kula juu ya harufu ya matumbo."

"Harufu ipi? Jengo limefungwa mwaka mzima."

"Wewe, wifi yangu, hata malaika akikuletea zawadi utamwomba kitambulisho."

"Nitamwomba. Na picha nitaiangalia vizuri kama inafanana naye."

Akanyoosha mkono kuinua pindo. Wifi akaupiga kofi jepesi. "Mikono yako ina kamba! Nenda jikoni, utanichafulia."

Walicheka wote wawili, kama kawaida yao. Lakini Mama Magamba aligundua kwamba wifi yake, ambaye hutania akikutazama usoni, safari hii alikuwa ameyakodolea macho mapindo.

Tulikula vizuri, siwezi kukana. Mama Magamba alipita katikati yetu na sinia za kaa, na kila aliposogea karibu na meza, mhudumu mmoja wa Kamati alimtangulia kuipokea sinia. Hakuachwa kusimama mahali pamoja. Kisha Mwenyekiti, mtu mwenye sauti tamu na tai ya buluu, akasimama kuhutubia. Alisema urithi ni roho ya watu. Alisema mama zetu watarudi mahali pao. Tulipiga makofi. Makofi yale yakamlevya, akaongeza neno ambalo halikuwa katika hotuba yake.

"Na yupo hapa mama mwenyewe wa meza ya juu! Mama, njoo utuonyeshe ile desturi ya maji. Leteni ndoo!"

Wajumbe wawili walitazamana. Wifi aliinuka nusu, akakaa tena. Ndoo ikaletwa, simu zikainuliwa kupiga picha, na Mwenyekiti akaketi katikati ya meza ndefu, akitabasamu.

Mama Magamba alikunja kitambaa cha meza yake mwenyewe, kiasi cha kupata nafasi. Kutoka nilipoketi niliona uso wake tu. Aliweka kiganja juu ya jiwe, akakisogeza, akakisogeza tena. Hapakuwa na shimo. Hapakuwa na mfereji. Palikuwa na saruji laini iliyopakwa rangi ya jiwe.

Akainua kichwa. "Nimwage?"

"Mwaga, mama!"

"Mwenyekiti, una hakika nimwage?"

"Mwaga, mama, mwaga! Usione haya, hapa ni kwako!"

Akamwaga ndoo nzima.

Maji hayakuwa na pa kupita. Yalitambaa juu ya jiwe, yakafuata mteremko chini na juu ya vitambaa, yakabeba maganda ya kaa na mifupa, yakawashukia wageni mapajani huku na huku. Wanawake wenye viatu vya ngozi waliruka. Mwenyekiti aliinuka akiwa amechelewa, suruali imelowa mbele kwa namna isiyompendeza kiongozi. Na kutoka kando ya ile picha ya magotini, Bi Mwisho, aliyekuwa amebeba vyombo vichafu, akapaza sauti:

"Yamefika!"

Wapaa samaki walicheka mpaka wakashikana. Mama Magamba hakucheka. Alikuwa akimtazama wifi yake. Wifi akashika kitambaa kimoja kwa mikono miwili, akakivuta chote chini, sahani zikavunjika, na wapaa samaki wakavuta vilivyobaki. Hapo ndipo sote tulipoona: mfereji umezibwa kutoka juu hadi chini, na kando ya meza, sakafuni, vimekazwa vyuma vya kufungia viti vya kudumu, kama vya mkahawa. Bi Mwisho akaiinua picha. Tundu nalo lilikuwa limezibwa.

"Ni ya muda," alisema Mwenyekiti, akijifuta. "Saruji hii ni ya muda."

"Ulikuwa unajua?" Mama Magamba alimuuliza wifi yake.

"Niliambiwa nipime tu vitambaa."

"Sijakuuliza uliambiwa nini."

Wifi akainama kuokota vipande vya sahani. Mpaka leo swali hilo halijajibiwa. Wanatembeleana bado, lakini utani umepungua, na jengo limefungwa kwa kufuli mpya. Mama Magamba yuko nje, kwenye ubao wake kando ya ghala la barafu. Nilipomtembelea alikuwa akitafuta pa kutua kiganja, akikosa, huku akisema hana haja ya kuombwa radhi, anataka meza yake.

Basi nasema na ninyi, Mwenyekiti na wajumbe wote wa Kamati ya Urithi, ambao chakula chenu nimekila na mchango wangu mmeupokea. Tutajieni hadharani mliyemwahidi jengo lile na vile viti ni vya nani. Ng'oeni vyuma. Pasueni saruji yote, mchana, milango ikiwa wazi, wenye meza wakiwa wamesimama hapo wakitazama. Kisha mpeni mama yule ndoo yake, na msithubutu kutuambia kazi imekamilika kabla Bi Mwisho hajasema kwamba maji yamefika.