Mwalimu Asiyegusa Chupa

Mwalimu yule wa maabara, mwenye koti jeupe la mitumba, huifunga mikono mgongoni akawaacha wanafunzi wahangaike wenyewe na chupa zao. Safari hii mradi wao ulikuwa sumu ya mihogo, na unga ulikuwa wa Shakila wa Bigwa, aliyetaka kumwanzishia mwanawe uji.

“Unga ni salama, mwalimu!” wanafunzi wakashangilia, karatasi ya kupimia ikiwa bado ya njano.

“Mmesubiri muda gani?”

“Dakika kumi.”

“Sumu haina haraka kama nyinyi. Rudieni, muiache karatasi hadi kesho.”

Kesho yake karatasi ilikuwa imegeuka kahawia: sumu ipo. Mwalimu akamuuliza Shakila kwa upole, “Mihogo uliiroweka siku ngapi, mama?”

“Mbili. Mvua ilinitisha, nikawahi kuianika.”

“Roweka nne. Unga huu tuachie sisi.”

Shakila akarudi Bigwa mikono mitupu, mtoto mgongoni, akiona hajawahi kupewa kitu kikubwa hivyo.