Jiwe la Kumsugulia Mwende

Siku ya kwanza kazini, katika kliniki ya ngozi karibu na mtaa wa Donholm, nilipewa ndoo, tambara na onyo. "Hapa hatusugui kwa hasira," alisema Muuguzi Mkuu. Nilidhani anazungumzia sakafu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami niliacha shule darasa la saba nimlee mdogo wangu, Mwende. Alikuwa na ngozi nyekundu yenye ukoko mikunjoni mwa viwiko na nyuma ya magoti. Majirani wasije wakasema mayatima ni wachafu, kila asubuhi nilimwogesha kwa maji moto, sabuni ya kufulia na jiwe la kusugulia miguu. Akilia, nazidisha. Mwishowe mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani: asirudi shule hadi apone, asiambukize wenzake.

Wiki ya pili nilikuwa nikipiga deki alipoingia fundi mmoja kutoka viwandani, Industrial Area, mikono ikivuja damu.

"Baba, nani amekuchuna hivi?" aliuliza Muuguzi.

"Mimi mwenyewe, sista. Ningekujaje kwa daktari na magamba?"

"Na sasa daktari aangalie nini? Viatu?"

Foleni ikacheka, fundi pia. Kisha Muuguzi akamweleza taratibu. Ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, si uchafu wala hauambukizi. Hutulia, hurudi, nawe hujifunza kuishi nao. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usikawie. Jikaushe kwa kugusagusa, upake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Dawa ya daktari ni ya kupaka panapovimba na kuwasha tu, kwa siku alizosema.

Niliweka tambara chini, nikamwendea. "Sista, mimi ndiye ninayemchuna Mwende."

Hakunigombeza. "Mlete kesho. Na hilo jiwe ulilete."

Daktari alimtibu, akamwandikia mwalimu mkuu barua. Baada ya majuma machache Mwende alirudi darasani. Jiwe lilibaki kliniki. Miaka baadaye, nilipopandishwa cheo kuwa msaidizi wa kufundisha wagonjwa, nikahamishiwa kliniki ya mtaa wa Pipeline, nilikwenda nalo. Kina mama walipoona haya kusema wanavyowasugua watoto, niliwaonyesha: "Hili lilikuwa langu."

Nilistaafu mikono yangu ikiwa imepasuka kwa maji na sabuni. Jumapili Mwende huja kunipaka mafuta. Yeye mwenyewe bado huwashwa baridi ya Julai ikiingia. Juzi, kwa mara ya kwanza, nilimwomba msamaha.

Hakuacha kupaka. "Dada," alisema, "nyoosha hicho kidole."