Shangazi na Vidonge vya Vitamini D

Shangazi yangu, aliyenilea Kinondo, alikuwa hodari wa kusuka ukili wa mikeka. Hata akizungumza na wageni, vidole vyake viliendelea na kazi bila yeye kuvitazama. Alipopasuliwa rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, vidole hivyo vikaanza kumfa ganzi, kisha vikakakamaa, visikunjuke. Hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza.

Daktari alitueleza kuwa vijitezi vinavyolinda kiwango cha kalisiamu mwilini vilikuwa vimedhoofika baada ya upasuaji. Akampa vidonge vya kalisiamu, na vingine vidogo, laini, vya vitamini D ya namna inayofanya kazi upesi.

"Mama, hivi vina nguvu," alimwambia. "Usizidishe, na usikose kuja kupimwa damu."

Vidole vikalegea. Shangazi akanisukia mkeka mpana, nao ndio ninaoutandika chumbani hadi leo.

Nilikuwa nimehamia Ukunda kikazi alipoanza kuugua tena. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta ana kiu isiyokatika, choo kimemfunga, chakula hakitaki hata kukiona. Alasiri ile aliniita kwa jina la dada yake marehemu, akaniuliza mbona sijawafunga mbuzi. Nilishikwa na hofu, nikaita tuktuk tukaenda hospitali.

Kipimo cha damu kilionyesha kalisiamu imepanda mno. Daktari akauliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Shangazi akapapasa mkobani, akatoa kopo la vitamini D alilojinunulia dukani.

"Nilidhani vitamini ni kama chakula tu, baba," alisema kwa sauti ndogo.

Daktari hakumfokea. Alimweleza taratibu kuwa kalisiamu ikizidi hivyo huweza kuharibu figo na kuvuruga moyo. Vidonge vyote vikasimamishwa, akatundikiwa maji ya dripu. Siku zilivyopita, akili ikamtulia. Asubuhi moja alinikazia macho.

"Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Umekula?"

Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Baadaye alirudishiwa dawa kidogo kidogo, na kila alipotakiwa kupimwa nilimsindikiza hospitali ya Msambweni. Akishatolewa damu, lazima tupitie mkahawani tule mahamri kwa mbaazi. Hapo atanisimulia usichana wake Kikoneni, atacheka mpaka leso imdondoke kichwani. Sasa hayupo, Mungu amrehemu. Asubuhi zile ndizo ninazozitamani.